Mama anataka kurudi Mbinga na tiba haijaisha

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala na mume wangu, kazi yangu ni ushonaji. Kwetu tumezaliwa wanne, wavulana watatu na msichana mimi peke yangu. Mama yetu ana miaka 61. Baba yupo, wanaishi Mbinga, wanalima kahawa na mahindi.

Mwaka jana mama alianza kutokwa na damu wakati hedhi ilishakoma siku nyingi. Akanyamaza. Kumbe alikuwa anafua khanga zake usiku tusijue. Aliyegundua ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu, wanaokaa jirani naye. Wakampeleka hospitali, kikakatwa kinyama, majibu yakatoka kwamba ni kansa ya mlango wa kizazi, hatua ya pili B. Majibu aliyapokea kaka yetu mkubwa. Akatupigia simu wote, akasema mama asiambiwe, maana akisikia neno kansa atakata tamaa na kufa kabla ya siku zake, kama alivyokufa mama mkubwa. Tukakubaliana tumwambie ni uvimbe unaotibiwa kwa mionzi. Hata huku Dar daktari alipotaka kukaa naye amweleze, kaka alimwomba amwachie yeye, akamweleza anavyotaka.

Tangu tiba ianze mama yuko kwangu. Amepigwa mionzi wiki tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, na kila wiki dripu ya kemo. Nampeleka mimi, namsubiri, narudi naye. Kuharisha, kutapika, kuchoka mpaka kijiko kinamshinda, yote nimeyaona. Yeye analala kwenye kitanda cha watoto, watoto wanalala chini. Wateja wangu wameanza kupeleka vitambaa kwa fundi mwingine. Kaka anatuma hela, sitasema uongo, lakini kila hela inakuja na amri yake.

Sasa damu imekata. Mama anakula, rangi imerudi. Daktari amesema imebaki mionzi ya ndani mara tatu, aanze wiki ijayo. Mama amekataa. Anasema ameshapona, damu haitoki, na kahawa imeanza kuiva, baba hawezi kuchuma peke yake. Ameshafunga mzigo. Mama mdogo, anayekaa Chanika, anamuunga mkono, anasema mionzi ya ndani inaunguza matumbo na yeye anamjua mzee mwenye dawa ya mizizi. Mke wa kaka naye kanipigia kuniambia nisiwaache watoto karibu na bibi yao kwa sababu mionzi inaambukiza, tena kansa ya huko chini ni ugonjwa wa wanawake waliotembea. Anti, mama yangu hajamjua mwanaume mwingine zaidi ya baba.

Nikimwambia kaka tumweleze mama ukweli, anasema nikithubutu na mama akafa, lawama yote ni yangu. Nifanye nini? Na nikuambie jambo linalonitia aibu: kuna usiku natamani aende tu, nilale.

Binti Pekee, Mbagala

* * *

Marahaba mwanangu,

Nilikujibu kwa ujumbe siku ileile niliyoisoma barua yako, kwa sababu wiki ijayo haisubiri zamu ya safu hii. Nilikuambia usimruhusu mama apande basi kabla hajajua anachokiacha. Hapa nakueleza kwa kirefu, na najua wasomaji wengine wenye mgonjwa nyumbani watasoma wakitafuta lao.

Tuanze na damu, maana ndiyo inayomdanganya mama. Mionzi ya nje, ile ya wiki tano, imepita kwenye nyonga yote, imeunyausha uvimbe na kuikausha mishipa iliyokuwa inavuja. Kwa wagonjwa wengi damu hukata katikati ya tiba hiyohiyo. Mama ana haki ya kufurahi, tiba inafanya kazi. Lakini penye mlango wenyewe wa kizazi, ambako uvimbe ulianzia, chembe za kansa zinazobaki zinahitaji dozi kubwa mno, na mashine ya nje haiwezi kuifikisha bila kuunguza kibofu na utumbo vilivyo jirani. Ndiyo maana kuna mionzi ya ndani: kifaa chembamba kinapitishwa ukeni mpaka kwenye mlango wa kizazi, mionzi inatolewa hapohapo kwa dakika chache, kisha kifaa kinatolewa. Kwa saratani ya namna hii hiyo ni nusu ya pili ya dawa. Anayeiacha ameacha tiba njiani.

Na muda una maana yake. Madaktari hujitahidi mionzi yote, ya nje na ya ndani, imalizike ndani ya wiki 8 tangu siku ya kwanza, kwa sababu ikivutwa zaidi ya hapo chembe zilizonusurika huanza kuota upya. Mama ameshatumia 5. Akienda kuchuma kahawa akarudi baada ya mavuno, hatarudi pale alipoishia. Na mionzi ya nje ya kiwango kilekile hairudiwi mahali palepale kirahisi.

Sasa nikuambie jambo ambalo nadhani kaka yako hajalipima. Hatua ya pili B maana yake saratani imetoka kwenye mlango wa kizazi ikaingia nyama za pembeni, lakini haijafika kwenye ukuta wa nyonga. Hatua hiyo inatibiwa kwa nia ya kuponya. Kwa hiyo ninyi watoto mmemficha mama habari ambayo ndani yake mna tumaini kubwa, na kwa sababu hajaipata, anafunga mzigo. Angejua kwamba alichonacho ni kansa, na kwamba kimebaki kipande kidogo cha tiba inayolenga kuimaliza, asingefananisha na kahawa.

Kisha sina hakika kama mama hajui. Amekaa wiki tano kwenye benchi moja na wanawake wenzake. Benchi hizo zina mazungumzo yake: wewe ni titi au ni mlango? Umepewa ngapi? Zimebaki ngapi? Wanaonyeshana mikono iliyochomwa dripu, wanapeana machungwa. Mtu mzima wa miaka 61 anaona wenzake, anasikia, na vibao vya hospitali anaviona. Naona uwezekano mkubwa kwamba anajua, au anahisi, na anawalinda ninyi msijue kwamba anajua. Mwanamke aliyefua khanga usiku ili familia isipate wasiwasi hawezi kuiacha tabia hiyo kwa sababu tu amekuja mjini.

Kwa hiyo kabla hujamwambia lolote, muulize kinachomrudisha Mbinga. Huenda ni kahawa kweli. Huenda ni mionzi ya ndani yenyewe: wenzake wamemsimulia kwamba inauma, na kwa mama wa umri wake kulazwa miguu ikiwa imenyanyuliwa mbele ya vijana wenye umri wa wanawe ni jambo linaloweza kumfanya mtu achague kifo, na asiseme sababu. Na huenda ameona wajukuu wanalala chini na cherehani yako imenyamaza, akaamua kukupunguzia mzigo. Kila sababu ina jibu lake, na ukijibu isiyo yenyewe utakuwa umepoteza siku.

Ukweli wenyewe mwambie asubuhi, mkiwa wawili, mama mdogo akiwa kwao na watoto wakiwa shule. Usimwambie usiku, usiku neno hilo ni zito zaidi. Mwambie kwa Kimatengo, lugha ya kwenu Mbinga, kama ndicho mnachoongelea mambo ya ndani. Anza kwa kumpa yeye nafasi: "Mama, daktari alitueleza mengi kuhusu ugonjwa wako. Wewe mwenyewe umeelewaje? Unataka nikueleze yote, au mengine utuachie sisi?" Wako wagonjwa wanaosema niachieni, na hilo liheshimu, lakini hata huyo lazima ajue kwamba tiba haijaisha. Akisema nieleze, litaje jina: "Ni kansa, mama, ya mlango wa kizazi. Imekutwa mahali inapotibika, na imebaki mionzi mara tatu." Ukishasema hayo, nyamaza. Usikimbilie kumbembeleza wala kumjazia maneno ya faraja. Akilia, kaa naye. Akiuliza kama atakufa, usimwapie lolote. Mwambie madaktari wanamtibu ili apone na kwamba hutamwacha. Akisema "nilikuwa najua", usishangae.

Yale ya aibu na maumivu asiyasikie kwako, yasemwe na muuguzi wa kike. Siku ya kliniki nenda mapema, mwombe muuguzi wa chumba cha mionzi ya ndani akae na mama faragha, bila wewe kama mama atapenda. Ataelezwa kwamba hupewa dawa ya maumivu au ya usingizi mwepesi kabla, na kwamba anaweza kuomba awepo muuguzi mwanamke muda wote. Hilo ombeni bila woga. Wagonjwa wengi hunyamaza wakidhani kuomba ni kusumbua.

Nije kwa kaka yako. Kumpenda mama anampenda, hilo halina ubishi. Alimwona mama mkubwa akiondoka na hataki kuona tena. Lakini mama mkubwa hakuuawa na neno. Tena anayelipa nauli hawi mwenye safari. Mwili ni wa mama, mwenye akili zake timamu, na hakuna hela inayotumwa kwa simu inayomnunulia mtoto haki ya kumwamulia mzazi wake. Mpigie kabla hujaongea na mama. Mpe taarifa, usimwombe ruhusa. Mwambie: "Kaka, mama anaondoka wiki hii bila kumaliza dawa, na anaondoka kwa sababu hajui. Kesho namweleza. Ukitaka kuwepo, njoo." Akikutisha kwa lawama, mwulize nani atabeba lawama ya basi. Kama bado hasikii, mwombe daktari azungumze naye kwa simu dakika tano. Wakubwa wa familia mara nyingi humsikia daktari pale wasipomsikia mdogo wao wa kike. Nasikitika kwamba ni hivyo, lakini wiki hii tunatafuta mama amalize tiba, hayo mengine mtayazungumza akishapona.

Na kuna kazi mbili ambazo hela ya kaka ingefanya vizuri zaidi kuliko sasa. Kwanza, vibarua wa kuchuma kahawa. Mdogo wako aliye jirani na wazee awasimamie, kahawa ivunwe, ikaushwe, ifike kwenye chama cha msingi. Kisha baba ampigie mama yeye mwenyewe, amwambie: "Mama fulani, kahawa tunaichuma, kaa umalize dawa." Hakuna maneno yako wala ya daktari yatakayomtua mzigo mama kama hayo ya mume wake. Baba yenu mmemsahau katika jambo hili. Kila mtu ana sauti isipokuwa yeye, na huyo ndiye mwenye mke. Naye aelezwe ukweli. Pili, kaka achukue likizo aje ampeleke mama angalau mara moja katika hizo tatu. Aone benchi. Nadhani akikaa pale asubuhi moja, amri zitapungua.

Mama mdogo usigombane naye. Mwambie jambo moja la kweli: dawa ya kemo inayotumiwa sana pamoja na mionzi kwa ugonjwa huu, sisplatini, inazielemea figo, ndiyo maana mama aliambiwa anywe maji mengi. Mizizi isiyojulikana kipimo chake juu ya figo zilizochoka ni hatari, kwa hiyo chochote anachotaka kumpa kionyeshwe kwa daktari kwanza. Kuhusu kuunguza matumbo, usimwambie ni uongo mtupu. Mionzi inaweza kusumbua njia ya haja kubwa na kibofu, wengine hupata damu kidogo kwenye choo miezi au hata miaka baadaye, na madaktari hupima dozi kwa uangalifu kwa sababu hiyohiyo. Akiona humdanganyi atakusikia. Kisha mpe kazi: alale kwako siku mbili za wiki amwangalie dada yake, wewe ulale. Mtu mwenye kazi ana nafasi ndogo ya kutafuta waganga.

Kwa wifi yako, mke wa kaka, nina maneno machache. Mionzi ya mashine haibaki mwilini mtu akishatoka chumbani, na kwa mionzi ya ndani ya namna ninayoieleza, chanzo chake hutolewa pamoja na kumalizika kwa dakika zake. Wajukuu wamkumbatie bibi yao, wale naye sahani moja. Saratani haiambukizwi. Kinachoambukizwa ni kirusi kinachoisababisha, HPV, na hicho hupatikana kwa kujamiiana, nacho kimeenea kiasi kwamba watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani, na miili ya wengi hukifukuza yenyewe. Kwa wachache hubaki, kikafanya kazi yake polepole kwa miaka 10, 15, hata 20 kabla saratani haijaonekana. Mwanamke mwenye mume mmoja maisha yake yote anaweza kukipata. Mama yako hana haja ya kujitetea kwa mtu, na wewe usianze kuhesabu miaka na kumtuhumu baba yako; ukifungua kesi hiyo sasa utamvunjia mama nyumba atakayorudi kupumzikia.

Maana kurudi atarudi, na hapo ndipo ndugu wengi hukosea. Dawa zikiisha, watu husema amepona, na siku ya tatu anapewa jembe. Uchovu wa mionzi hukaa miezi. Tumbo litaendelea kumsumbua kwa muda: akiharisha apewe uji mwepesi, wali, ndizi, maji yenye chumvi na sukari ya pakiti za duka la dawa, na maziwa na mboga mbichi vipungue mpaka tumbo litulie. Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi wiki hizi za karibu na kemo, asingoje asubuhi, aende hospitali saa hiyohiyo. Mazungumzo na baba kuhusu ndoa yao nayo yapo: uke hubana baada ya mionzi, na wauguzi hufundisha namna ya kuutanua kwa kifaa maalumu, kwa ajili ya unyumba na pia ili daktari aweze kumpima baadaye. Hilo mwachie muuguzi, lakini hakikisha mama hajaondoka Dar kabla hajafundishwa.

Kliniki ya ufuatiliaji kwa kawaida ni kila baada ya miezi mitatu hivi mwanzoni, na kutoka Mbinga mpaka Dar ni kama kilometa 1,000. Nauli hizo zigawaneni ndugu wote wanne sasa, kabla kila mtu hajarudi kwenye shughuli zake. Mdogo wako na mkewe wajue dalili za kutongoja tarehe: damu ikirudi, mguu mmoja ukivimba, maumivu ya kiuno yasiyoisha, au mkojo au choo kupitia ukeni.

Sasa wewe. Kutamani mama aondoke upate usingizi si dhambi wala si kukosa upendo. Umechoka, na mwili uliochoka unataka kulala. Tena hilo mwambie mume wako, usimfiche kama mama anavyofichwa. Hospitalini muone afisa ustawi wa jamii, mweleze kwamba mgonjwa ametoka mkoani na wewe ndiye unayemlea peke yako. Yeye ndiye anayejua kama kuna malazi ya wagonjwa wa mbali na nafuu gani ya gharama mnaweza kupata. Wateja wako watumie ujumbe, wape tarehe ya kweli ya kuanza kupokea kazi. Kaka akiweza kulipa binti wa kukusaidia nyumbani mwezi mmoja, hiyo nayo ni tiba ya mama.

Jambo la mwisho linakuhusu wewe na watoto wako. Nenda ukapimwe mlango wa kizazi. Kwenye vituo vingi vya serikali hupakwa siki, pale penye mabadiliko pakageuka peupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kabla hapajawa saratani. Kipimo hicho kinalenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wenye virusi vya UKIMWI huanza mapema zaidi. Mwambie na wifi yako, yule wa maneno na yule aliyegundua khanga. Hujasema watoto wako ni wa kike au wa kiume. Kama una binti kati ya miaka 9 na 14, chanjo ya HPV ipo, Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018 na tangu 2024 inatolewa dozi moja tu. Akikosa shuleni, mpeleke zahanati.

Msalimie mama. Mpigie baba leo.